Barafu ikiisha Kilimanjaro tutakufa kiu? Mimi naogopa moto zaidi

Mkuu umeuliza kama barafu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ikiisha mito yote itakauka, na kama moto wa 2020 na ukame wa 2022 ndiyo dalili zenyewe. Nimezaliwa Marangu, nimebeba mizigo mlimani miaka tisa (sisi wenyewe tunaitana wagumu), kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Barafu niipitie haraka. Mwaka 2000 timu ya Lonnie Thompson kutoka Marekani ilitoboa barafu ya Kibo, na ya chini kabisa ikakutwa na umri wa miaka 11,700 hivi. Ndani yake kuna tabaka la vumbi la karibu milimita 30, la ukame wa miaka 4,000 iliyopita. Kumbe ukame si mgeni huku. Timu hiyohiyo ilikadiria barafu itaisha kati ya 2015 na 2020. Bado ipo, japo imekonda vibaya: toka 1912 mpaka 2000 karibu asilimia 80 ilishapotea. Ila kule juu hewa ni kavu sana, sehemu kubwa ya barafu inageuka mvuke bila hata kuwa maji. Haishuki kwenye mfongo (mfereji wa kumwagilia) wa mtu.

Maji ya kihambani, kwenye mashamba yetu ya migomba, yanatoka msituni. Upande wetu wa kusini mvua kubwa kabisa inaangukia kwenye mita 2,200 hivi, na juu ya hapo kazi inafanywa na ukungu. Ukipita asubuhi, hata kama haijanyesha wiki nzima, miti iliyofuga ndevu za kijivu inakudondoshea maji shingoni.

Sasa moto. Tarehe 11 Oktoba 2020, Jumapili, ulizuka Whona, katikati ya kambi za Mandara na Horombo. Tulipanda na mapanga, majembe na matawi mabichi. Maji ya kuzimia yatoke wapi? Vile vichaka vya erika ukivitazama ni vya kijani kabisa, lakini vinalipuka kama vimemwagiwa mafuta ya taa. Tuliupiga moto kwa matawi mpaka usiku, tukalala tukijua kipande chetu kimezimika. Asubuhi kinafuka tena. Askari mmoja akaniambia, "Mdogo wangu, achana na miali, angalia moshi unatokea wapi ardhini." Nikachimba na jembe: mizizi chini ya udongo mweusi imeiva nyekundu kama mkaa wa jiko, inatambaa kimyakimya kuelekea tulikokwishapita. Nilikuwa nimesimama juu yake muda wote. Soli ya kiatu cha kushoto ilibaki palepale.

Ziliungua kilomita za mraba 95 hivi. Taarifa za mwanzo zilisema ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Sikufurahi kusikia hivyo, lakini sikushangaa. Najua tunavyokuwa na haraka.

Tarehe 21 Oktoba 2022 ukawaka tena, safari hii upande wa kambi ya Karanga, mwezi uleule Dar wameanza mgao wa maji kwa sababu mto Ruvu umepungua. Oktoba zote mbili: kiangazi kimekausha kila kitu na vuli haijaingia. Ukame unapanga kuni tu, kiberiti mara nyingi ni chetu. Na Andreas Hemp, Mjerumani aliyeutafiti mlima huu miaka mingi, anasema moto umekuwa ukiusukuma ukingo wa juu wa msitu ushuke chini, na maji ya ukungu tunayopoteza hivyo ni mengi kuliko ya barafu inayoondoka. Watalii wanapiga picha barafu, hakuna anayepiga picha ukungu.

Kwa hiyo mkuu, mimi nikisikia "theluji inaisha" nasikitika, ila usingizi naupata. Nikisikia harufu ya moshi Oktoba ndiyo silali. Msimu uliopita nilimrudisha kijana mmoja wa kikundi chetu, kama dakika ishirini nyuma, akamwagie maji kipisi cha sigara alichokitupa njiani. Alininunia mpaka Horombo.