Watoto wa PP1 wanaouliza "Mwalimu, nichore nini?"

Swali: Assalam aleikum. Mimi ni mwalimu wa PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, katika shule ya kibinafsi huku Changamwe. Nina watoto 38 na chumba ni kidogo. Mwenye shule anataka kila mtoto ajaze kurasa za kitabu cha mazoezi kila siku, kwa sababu wazazi hukagua madaftari. Nikiwapa karatasi tupu wachore wapendavyo, wengi hukaa tu wakinitazama na kuuliza, "Mwalimu, nichore nini?" Je, ubunifu wao umekufa? Na vifaa vya michezo sina.

Jibu: Waaleikum salaam, mwalimu wangu. Ubunifu wao haujafa. Watoto hao wameshika barabara wanachofunzwa kila siku, kwamba kila karatasi ina jibu moja na jibu lenyewe analo mwalimu. Mtoto aliyezoea kupaka rangi chungwa lililochorwa tayari, tena akakosolewa anapotoka nje ya mstari, ukimpa karatasi nyeupe anaogopa kukosea. Kwa hivyo usianze na karatasi. Anza na mchezo, karatasi ifuate.

Vifaa unavyo. Tafuta vifuu uvipige msasa, makombe ya baharini, vizibo vya plastiki (vya chuma hukata vidole), vipande vya leso kuukuu, maboksi ya dukani. Wala si jambo geni Mombasa. Mpango wa chekechea za madrasa ulioanzia hapa miaka ya 1980, Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa waanzilishi wake, ulitegemea vifaa vya mtaani kama hivi na kona za kuchezea, kisha ukaenea hadi Zanzibar na Uganda.

Kinachokosekana zaidi ni muda. Kipindi cha PP1 ni dakika 30. Watoto wa miaka 4 hutumia dakika kumi za mwanzo kugombania vitu na kugawana kazi, nani mama, nani dereva. Hadithi ikianza kunoga, kengele inalia. Unganisha vipindi viwili asubuhi, kabla ya jua kali. Mtaala wenyewe unahimiza kuunganisha shughuli za lugha, hesabu, mazingira na ubunifu, kwa hiyo huvunji utaratibu wowote. Tandika mikeka minne, miwili ndani na miwili kivulini penye mlango, usimame unapoiona yote. Usiwahamishe kila baada ya dakika kumi. Wiki ya kwanza watarusha vizibo na kunyang'anyana. Vumilia, usifunge duka.

Nikueleze nilichokiona katika darasa moja la Likoni. Mvulana alikuwa na nusu ya boksi, ndiyo feri, na vizibo, ndiyo magari. Akavipanga, vinane vikaingia, cha tisa kikagoma. Akakiweka kando, akasema, "Wewe subiri, zamu ijayo." Msichana aliyekuwa karibu akapinga: hicho kilikuwa ambulansi, na ambulansi haisubiri. Wakabishana, wakatoa vizibo viwili, wakapanga upya. Hapo mna kuhesabu, nafasi, lugha na kufikiria shida ya mwingine. Mwalimu wao alifanya jambo moja tu: alichuchumaa akauliza, "Na waliotolewa watavukaje?" Swali kama hilo hurefusha mchezo. "Hii ni rangi gani?" huukata, kwa sababu mtoto anarudi kwenye mtihani.

Mchezo ukiisha, ndipo utoe karatasi: "Nichoree mlichokijenga." Usichore mfano ubaoni, maana watoto wote 38 watauiga. Akikuuliza achore nini, muulize, "Ambulansi ilienda wapi?" kisha nyamaza umpe nafasi ya kufikiri.

Kuhusu mwenye shule, hapa sikubaliani naye hata kidogo. Mifupa 8 midogo ya kifundo cha mkono haijakomaa yote katika umri huu, mingine bado ni gegedu laini, na misuli ya vidole ndiyo kwanza inajengeka. Kurasa nyingi za herufi zinamchosha mtoto kabla mkono haujawa tayari. Mpe kazi ya kufinyanga: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, maji kidogo, akande kama mamake anavyokanda chapati. Hiyo nayo ni kazi ya kuandika, maana inaujenga mkono. Daftari libaki dakika kumi, kwa kalamu nene.

Wazazi nao wana haki ya kuona kazi, basi waonyeshe. Chini ya kila mchoro andika maneno ya mtoto mwenyewe, kama alivyoyatamka, na tarehe, uhifadhi kwenye jalada lake. Siku ya wazazi fungua mchoro wa Januari na wa Machi. Mkumbushe mwenye shule pia kwamba PP1 na PP2 hazina mtihani wa taifa, na tathmini yake ni kama hii hii, ya kumtazama mtoto na kuandika.

Wengi watalegea ndani ya wiki chache. Ukibaki na mmoja ambaye muhula mzima haigizi chochote, hata uwanjani, na hashirikiani na wenzake wala haitikii akiitwa, hilo halihusiani na vitabu vya mazoezi. Zungumza na mzazi faraghani, akapimwe masikio kwanza, kisha umwelekeze kituo cha EARC kilicho karibu, yaani kituo cha kutathmini mahitaji maalumu ya watoto, atathminiwe. Usingoje afike Gredi ya 1.