Wasomaji Wanauliza: salfa shambani, moto msituni, chumvi kisimani

SWALI: Tunapulizia mikorosho salfa ya unga kila msimu, tangu wakati wa wazazi wetu. Sasa mahindi na karanga tunazopanda katikati ya miti zinadumaa, ila mihogo inakwenda vizuri. Kijana mmoja alichomeka kipimo chake ardhini akasema pH (kipimo cha tindikali; namba ikishuka, tindikali imezidi) ni 7, udongo hauna shida. Tumwamini?
– Mkulima, Tandahimba

JIBU: Msimwamini. Vile vipimo vya kuchomeka visivyo na betri hufanya kazi pale tu udongo wenye unyevu unapokishika vizuri kile chuma. Kwenye mchanga mkavu mshale hausogei, na kwa vingi mahali unapolala ni karibu na hiyo 7. Mihogo nayo isiwafariji, kwa sababu inavumilia tindikali kuliko mahindi na karanga.

Pigeni hesabu. Gramu 250 kwa mti, mipulizo 5, ni kilo 1.25 kwa msimu. Miti ikiwa mita 12 kwa 12, ekari moja ina miti 28 hivi, yaani kilo 35 za salfa. Bakteria wa udongoni huigeuza kuwa asidi ya salfa, na kila kilo 1 hula kilo 3 hivi za chokaa ya kilimo kabla ya kutulia. Kama salfa yote ingeangukia shambani mwenu, mngehitaji kilo 110 hivi za chokaa kwa ekari ili kufuta msimu mmoja tu. Nyingine hupeperushwa na kusi hadi kwa jirani, lakini inayobaki inatosha kuuchosha udongo wa kichanga, ambao una mfinyanzi na mboji kidogo ya kuizuia.

Pimeni mara moja kwa mwaka, mwezi uleule, kabla mvua hazijaanza. Chagueni miti 15 hadi 20 mkizunguka shamba lote, muiandike namba kwa rangi ili mwakani mrudi palepale. Chimbeni sentimita 0 hadi 20, katikati ya shina na mwisho wa kivuli, mchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki. Udongo wa kati ya mistari uwe na ndoo yake. Mkiuchanganya na wa chini ya miti mtapata wastani usiosema lolote. Na ndoo iliyowahi kubebea salfa au mbolea isiguswe kabisa.

Anikeni udongo kivulini, chekecheni, kisha gramu 10 ziingie kwenye mililita 25 za maji yaliyokenekwa, yaani yaliyoondolewa madini. Koroga, acha dakika 30, koroga tena, pima kwa mita ya pH yenye betri. Maji hayo huuzwa kwa ajili ya kuongezea betri za magari, ila someni chupa, maana asidi ya betri hukaa rafu hiyohiyo. Maji ya kisima au ya chupa ya kunywa yana madini yanayopandisha kipimo. Mita nayo irekebishwe kila siku ya kazi kwa miyeyusho ya pH 7 na pH 4, na kichwa chake cha kioo kihifadhiwe kwenye myeyusho wa kloridi ya potasiamu. Kikikauka, au kikilazwa kwenye maji yaliyokenekwa, mita huanza kusuasua na namba hazitulii.

Mkiona 5.5 au zaidi, endeleeni kufuatilia. Chini ya 5 aluminiamu iliyomo udongoni huyeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Kumbukeni pia kwamba 5 ina tindikali mara 10 ya 6. Kiasi cha chokaa hakisomwi kwenye pH peke yake, hivyo nusu kilo ya mchanganyiko huo ipelekwe maabara ya udongo, na TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, muwaulize kuhusu viuatilifu vingine, visivyo vya salfa, vya ubwiriunga, ule ukungu mnaoupulizia. Chokaa ya kupaka kuta msiitumie: ni kali na hupandisha pH ghafla.

SWALI: Kamati yetu ya maliasili hupokea arifa za moto za setelaiti kwa barua pepe. Tukifika kwenye alama tunakuta majani mabichi. Safari nyingine msitu wa kijiji umeungua na arifa haikuja. Tuachane nazo?
– Mjumbe wa kamati, Liwale

JIBU: Msiziache, ila mjue zinavyoona. Arifa za FIRMS, huduma ya bure ya NASA, hutoka kwenye vifaa viwili. MODIS huona mraba wa kilomita 1, VIIRS wa mita 375, na alama huwekwa katikati ya mraba hata kama moto uko pembeni. Chagueni VIIRS, kisha mkifika mzunguke walau mita 300 kila upande kabla ya kuandika kwamba hakuna kitu.

Setelaiti za VIIRS hupita saa saba na nusu hivi, mchana na usiku. Moto uliowashwa saa tisa alasiri ukazimika jioni hauonekani, na wingu huziba kila kitu. Saa iliyoandikwa kwenye arifa iko nyuma ya yetu kwa saa 3: 10:40 ni 13:40 ya kwetu, yaani saa 7:40 mchana. Halafu kagueni namba za mahali. Huku kusini mwa ikweta latitudo huanza na alama ya kutoa, na ukiisahau, moto wa Liwale unaangukia Ethiopia.

Moto ulioponyoka utafuteni baadaye kwenye picha za setelaiti za Sentinel-2, zinazopigwa kila siku 5 hivi; kovu la moto huonekana wazi kwa wiki kadhaa. Mkiwa msituni andikeni urefu wa weusi kwenye mashina na miche iliyokufa. Takwimu hizo ndizo zitakazowaambia kama uchomaji wa mapema, nyasi zikiwa bado nusu mbichi na umande ukiusaidia kuuzima usiku, unapunguza moto wa Septemba na Oktoba. Huo wa mwisho wa kiangazi ndio unaotoboa mioyo ya mipingo.

SWALI: Kisima chetu kilikuwa cha maji baridi, sasa kina chumvi kila ifikapo Oktoba. Tuchimbe zaidi?
– Msomaji, Mikindani

JIBU: Hapana! Karibu na pwani, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hukandamiza maji chumvi mita 40 hivi kwenda chini. Mkivuta sana, maji baridi yakashuka, chumvi hupanda. Nunueni kipima upitishaji umeme wa maji, ambacho namba yake hupanda chumvi ikizidi, mkirekebishe kwa myeyusho wa mikrosimensi 1,413 kwa sentimita, na mpime kila wiki kabla ya kuwasha pampu na saa moja baada ya kuwasha. Namba ikipanda wakati wa kuvuta, inueni bomba la kunyonya, vuteni kidogo kidogo kwa saa nyingi, na usiku mpumzishe kisima. Isipobadilika wakati wa kuvuta, angalieni kwanza kama maji ya bahari huingilia juu bamvua linapojaa.