Pasha mwili moto kwanza, kuvuta misuli baadaye

Swali la wiki hii ni mwanamuziki ajinyooshe vipi kabla ya kupiga kwa saa nyingi. Wengi huanza kwa kuvuta vidole kwa nyuma mpaka vialike. Hilo liachwe. Misuli ikivutwa kwa muda mrefu hupungua nguvu kwa kitambo, tena hapo bado ni ya baridi. Kabla ya kupiga, mwili unataka kupashwa moto tu.

Dakika 5 hadi 8 zatosha. Tembea haraka dakika 2. Pandisha mabega, yarudishe nyuma, yaachie yashuke, mara 10 polepole. Zungusha kiwiliwili kulia na kushoto, mikono ikining'inia. Kisha kunja kiwiko ubavuni, geuza kiganja juu na chini mara 10, ufumbe na kufumbua ngumi bila kukaza. Ukishika ala, dakika 10 za mwanzo ziwe za skeli (noti zinazopanda na kushuka kwa mfuatano) za taratibu. Wimbo mgumu ungoje.

Kazi kubwa iko kwenye mkao. Kumwambia mtu "kaa wima" hakumsaidii, maana atajikaza dakika chache kisha aporomoke. Rekebisha kiti. Kalia nusu ya mbele, nyayo zote sakafuni, magoti yawe chini ya nyonga kidogo. Kiti kikiwa kifupi, kiuno hupinda, kichwa hutangulia mbele, na shingo ndiyo inayobeba mzigo. Kwa kinanda, kiwiko kiwe usawa wa vibonyezo au juu kidogo.

Kwa gitaa, adui ni kifundo cha mkono unaobonyeza nyuzi kukunjwa mno kwa sababu gitaa limening'inia chini. Fupisha mkanda, au ukiwa umeketi weka kibao cha sentimita 12 hadi 15 chini ya mguu wa upande huo. Shingo ya gitaa ikipanda, kifundo hunyooka chenyewe. Halafu jipime: bonyeza uzi, uondoe kidole gumba nyuma ya shingo. Sauti ikibaki safi kwa uzito wa mkono peke yake, ulikuwa unabana bure.

Kila dakika 25 au 30, weka ala chini kwa dakika 5. Tega kengele, maana ukishakolea hukumbuki.

Ganzi isipuuzwe. Ikishika kidole gumba, cha shahada na cha kati, mara nyingi neva imebanwa kwenye kifundo. Ikishika cha pete na cha mwisho, tazama kiwiko kilichokunjwa muda mrefu. Acha kupiga siku hiyo, na ikirudi muone daktari. Kuzidisha kujinyoosha kwaweza kuichochea zaidi.

Ukimaliza kupiga ndipo uvute. Nyoosha mkono mbele, kiganja kikitazama chini, ukivute taratibu kuelekea kwako kwa sekunde 20, kisha kigeuze kitazame juu na urudie. Shika kiganja, si ncha za vidole.