Mlipe kwanza baba yako mdogo

Isongole, Jumapili jioni

Mwanangu, baba yangu,

Bwana asifiwe. Huku tu wazima. Ukungu umeshuka tangu saa nane mchana, naandika nimekaa jikoni karibu na moto, kwa hiyo ukikuta masizi kwenye karatasi usishangae. Ujumbe wako wa simu mdogo wako alinisomea mara mbili. Nikamwambia swali hili halijibiki kwa kidole, nitaandika, barua iende na basi pamoja na kiroba cha viazi.

Uliniuliza hivi. Mhubiri wa huko Dar es Salaam amefundisha kwamba asiyetoa fungu la kumi kamili, kabla ya jambo lolote, anamwibia Mungu, na akasoma Malaki 3:8. Wewe mshahara ukishakatwa na Bodi ya Mikopo, ukatoa kodi ya chumba na nauli, ukijaza bahasha ya kanisa hakibaki cha kumlipa baba yako mdogo. Ukimlipa yeye, bahasha inakwenda nyepesi. Ukamaliza: "Mama, nikianza na deni, nimemwibia Mungu?"

Mlipe baba yako mdogo. Jibu ni hilo. Yanayofuata ni maneno ya mama mwenye jioni ndefu.

Yule ng'ombe aliyemuuza ili umalize chuo alikuwa anakamuliwa. Labda wewe unamkumbuka kama ng'ombe tu, maana ulikuwa chuoni ukisubiri hela ya mwaka wa mwisho. Sisi tunamkumbuka kwa ndoo ya maziwa iliyokuwa inateremka kila asubuhi kituoni. Siku alipouzwa, ndoo ile ilipigwa kifudifudi kwenye kichanja, na mpaka leo iko pale. Baba yako mdogo hakukuandikisha popote. Alisema tu, "Akipata kazi atanirudishia." Kazi umepata, huu mwaka wa pili. Bodi wanachukua asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi na hawakuombi ruhusa, deni lao linajikata lenyewe kabla hujaiona hela. Deni la baba yako mdogo halina kompyuta. Linakaa kimya, linakusalimia kwenye simu, linauliza kama umekula.

Sasa huyo Malaki. Nilivaa miwani nikaisoma sura nzima, maana nimezoea kuona wanaanzia mstari wa 8 na kuishia wa 10. Rudi nyuma mpaka wa 5. Mungu anataja watu atakaowashuhudia, wachawi, wazinzi, waapao uongo, na katika safu hiyo hiyo wanaomdhulumu kibarua mshahara wake, na wanaomwonea mjane na yatima. Sura ni ile ile, mistari mitatu tu kabla ya fungu la kumi. Anayedai zaka ndiye huyo huyo anayeuliza kibarua amelipwa lini.

Nina sababu ya kuushika mstari huo, na sijawahi kukwambia. Ulikuwa darasa la sita. Sikukuu ya mavuno, kanisa limejaa, mikungu ya ndizi imeegemezwa ukutani, mahindi, viazi, kuku wamefungwa miguu. Unaujua mnada wetu unavyokuwa. Jogoo mmoja mwekundu alianza elfu kumi. Nikapandisha. Mama mmoja wa kwaya akapandisha. Nikapandisha tena, vigelegele, mwenye kunadi anataja jina langu kwenye kipaza sauti, na mimi damu inanichemka kama niko kwenye mpira. Nikamchukua kwa elfu sitini. Jogoo!

Benchi la tatu alikaa binti aliyenipalilia viazi mwezi ule, mtoto mgongoni. Nilikuwa namdai muda, ndivyo nilivyokuwa najiambia, kumbe yeye ndiye alikuwa ananidai mimi, elfu ishirini na nne. Nilikuwa nimemwambia asubiri nikiuza. Watu wote walipiga makofi, yeye hakupiga. Mlangoni akanipa mkono, "Bwana asifiwe, mama," wala hakutaja hela. Afadhali angenitukana.

Kesho yake niliteremsha madebe ya viazi barabarani nikauza kwa bei ya kutupa, nikampelekea. Yule jogoo sikuweza kumchinja. Alikaa hapa nyumbani karibu miaka mitatu akiniwikia kila alfajiri kama alivyowikiwa Petro, na baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasimama na bahasha nene, simhukumu, ila huwa najiuliza hela imetokea mfuko gani. Tuna wanunuzi wanaokuja huku na magunia ya lumbesa, gunia limepandishwa kilemba mpaka linakuwa kama gunia moja na nusu, wewe unalipwa la moja. Kuna mmoja wao ni mtoaji mkubwa kanisani kwake. Zaka yake ina viazi vyangu ndani.

Tena msome Elisha, Wafalme wa Pili sura ya 4. Mjane analia, mumewe alikuwa mcha Mungu, wa wana wa manabii, akafa ameacha deni, na mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Mafuta yanazidi kimuujiza, vyombo vinajaa. Hapo ndipo ningetegemea nabii aseme leta sehemu yangu. Anamwambia auze mafuta, alipe deni, kilichobaki ale yeye na wanawe. Muujiza wenyewe ulikuja kulipa deni.

Lakini nakufahamu, baba. Nimekuzaa. Usije ukaifanya barua hii kuwa kichaka. Wewe ni mtu ambaye deni hili likiisha utapata jingine, la simu mpya au la sofa, na Mungu atabaki foleni. Sikukwambia usitoe. Bibi yako alikuwa anapeleka sadaka ya mayai, mawili, matatu, kulingana na kuku wametaga vipi, na sikumwona hata siku moja akienda kwa jirani kuazima yai la sadaka. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kama nia ipo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo. Basi toa ulicho nacho kweli, kila mwezi bila kuruka, hata kama ni elfu tano na bahasha inaonekana imekonda. Wakisoma majina na viwango, wacha wasome. Nenda kwa mzee wako wa kanisa umweleze kwamba unalipa deni la familia mpaka mwezi fulani. Akikuona mwizi, niambie, nitampigia mwenyewe.

Nadhani kinachokusumbua zaidi ni shukrani. Unaogopa usionekane umesahau ulikotolewa. Huku tukivuna hatusafishi shamba lote, viazi vidogo tunaviacha, asubuhi unakuta akina mama na watoto wanaokoteza. Hakuna anayewatangaza. Nami nikiwaona pale najisikia nimeshukuru kuliko siku ile ya jogoo.

Ulipe kwa mafungu, usisubiri zitimie zote. Milioni na ushee ni nyingi. Ila fungu la kwanza lifike kabla ya Novemba, mvua zikianza atahitaji mbolea ya kupandia. Hela hiyo hiyo ikija Machi itakuwa ya kumsaidia kununua unga. Na usiitume kupitia kwangu. Mpigie, useme kwa mdomo wako, "Baba mdogo, hii ni ya ng'ombe." Atakataa mara ya kwanza, ndivyo alivyo. Wewe tuma.

Viazi nimeweka vile vyekundu, na chini yake kuna maparachichi matano nimeyafunga kwenye gazeti, ni ya mama mwenye nyumba wako. Usiyale.

Mtandao kwa baba yako mdogo ni wa shida, unashika akipanda pale juu penye mti. Huwa anapanda saa kumi na mbili jioni, baada ya kufunga ndama.

Ndaga fijo, asante sana, baba.

Mama yako