Kati ya kitabu na kitabu: majibu ya barua zenu

Mwezi uliopita niliwauliza mnafanya nini na kitabu mkishakimaliza. Barua nyingi zimekuja na kilio kimoja: tunasoma, tunaandika dondoo, daftari linajaa, lakini vitabu vyenyewe havijuani. Ninajibu chache leo.

Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili chuoni, Morogoro. Napiga mistari, nanakili nukuu, nina kaunta buku nne zimejaa. Insha ikija, kila kitabu kimekaa kivyake na sijui nianzie wapi. Nakosea wapi?

Marahaba, mwanangu. Kunakili si kosa. Hata mimi nanakili, tena polepole, ili neno liniingie. Kosa ni kuishia hapo, kwa sababu nukuu uliyoinakili bado ni mali ya mwandishi. Chini yake andika kwa maneno yako anasema nini, kisha andika jambo hilo linagusa nini katika ulivyokwisha kusoma, na linakigusaje.

Hilo "linakigusaje" ndilo kazi yenyewe. Nilipokuwa nafundisha niliwapa wanafunzi jaribio hili: weka dondoo mbili mezani, tafuta neno la kuziunganisha. Ikiwa neno pekee linalokujia ni "na", bado hujaunganisha kitu, umeziweka ujirani tu. Kitabu hiki kinazungumzia njaa, na kile pia. Sasa jaribu "kwa sababu", "ilhali", "licha ya", "isipokuwa", "kabla ya". Mojawapo likikubali kukaa, itakubidi umalizie sentensi, na huwezi kuimalizia bila kufikiri: "Huyu anasema njaa ililetwa na ukame, ilhali yule anaonyesha kuwa chakula kilikuwapo sokoni ila watu hawakuwa na fedha ya kukinunua." Sentensi ya namna hii haimo katika kitabu chochote kati ya hivyo viwili. Ni yako, na ndiyo itakayoianza insha.

Usijitese kuzirudia kaunta buku zote nne. Chagua dondoo kumi ambazo bado zinakusumbua, uanze na hizo.

Sisi ni kikundi cha wasomaji wa riwaya, Tanga. Tunaelewa dondoo za vitabu vya historia au uchumi, lakini riwaya ina visa tu. Unaandika nini, na unaunganisha nini?

Barua hii imenifurahisha kuliko zote, maana riwaya zetu zinazungumziana sana na ni wachache wanaozisikiliza kwa pamoja.

Msiandike muhtasari wa kisa, maana huo mtaukumbuka au mtausoma tena. Andikeni swali ambalo riwaya imewaachia. Chukueni ardhi. Katika *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1978, tuko Zanzibar ya mashamba ya mabwana kabla ya Mapinduzi ya 1964, na Kijakazi anamtumikia bwana wake kwa utii unaomuumiza msomaji. Katika *Dunia Uwanja wa Fujo* ya Euphrase Kezilahabi, ya 1975, Tumaini ana shamba lake, linataifishwa baada ya Azimio la Arusha, na hasira yake inaishia kwenye mauaji. Katika *Gamba la Nyoka*, pia ya Kezilahabi, ya 1979, wanavijiji wanahamishwa kwa nguvu kuingizwa katika vijiji vya ujamaa.

Mkiunganisha kwa "na", mtapata kadi (kipande cha karatasi cha kuandikia wazo moja) yenye kichwa "Ardhi" na majina matatu chini yake. Ni orodha, haina mjadala. Mimi niliandika hivi: "Shafi anaonyesha aliyenyimwa ardhi akiwa bado hajaamini kwamba dunia nyingine inawezekana, ilhali Kezilahabi anaonyesha watu wanaoletewa dunia nyingine bila kuulizwa." Kutokana na hiyo nikapata swali: nani aliulizwa kabla ardhi haijabadilisha mkono? Swali hilo nalibeba sasa katika kila riwaya ninayoifungua, na hata katika taarifa za migogoro ya wakulima na wafugaji.

Huenda mkaikataa sentensi yangu. Afadhali. Andikeni kadi ya kuipinga na muiweke nyuma ya ile ya kwanza, msiifute ya kwanza. Kikundi kinachotunza hoja zake pamoja na mapingamizi yake kitakuwa na cha kuzungumza kwa miaka.

Simu au karatasi?

Utakachokifungua tena. Simu inatafuta neno kwa haraka na huwezi kuisahau nyumbani. Karatasi inakulazimisha ufupishe. Mimi nanunua manila dukani, nakata kila moja vipande kumi na sita, basi. Ila kama ni simu, usijaze picha za kurasa: ukurasa uliopigwa picha haujasomwa.

Mwalimu, kijana wangu ananiambia kuna Mjerumani aliyekuwa na kadi elfu tisini na akaandika vitabu kwa kuzipekua tu. Ni kweli? Na mtu wa kawaida atafika huko?

Ni kweli kwamba alikuwapo. Ni Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Bielefeld, aliyezaliwa 1927 na kufariki 1998. Alianza kukusanya kadi zake mwanzoni mwa miaka ya 1950, zikafika takribani 90,000, naye akaandika makumi ya vitabu na mamia ya makala. Nyingi hazikuwa kadi za kifahari; aliandika hata nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika.

Ila wingi ndio unaowapoteza watu. Cha kujifunza kwake ni namna alivyozipanga. Hakuwa na droo ya siasa na droo ya dini. Kila kadi ilipewa namba ya kudumu, na wazo jipya liliwekwa nyuma ya wazo lililolizaa: baada ya kadi 1 inakuja 2, lakini kama umepata nyongeza ya kadi 1, unaichomeka katikati na kuiita 1a, na ya hiyo 1a1. Kisha juu ya kadi aliandika namba za kadi nyingine za mbali zinazohusiana nayo. Kwa hiyo alipovuta kadi moja, ilimpeleka asikokutarajia.

Kuhusu kuandika "kwa kuzipekua tu", hapana. Alisoma na kufikiri kila siku kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwambie kijana aanze na kadi hamsini zenye viungo vya kweli. Zitamshangaza.

Mimi situmii kadi, naandika katika daftari moja mfululizo. Nikitaka kuunganisha, sikumbuki nimeandika wapi. Nifanye faharasa? Nimejaribu, herufi ya U na ya M zinajaa, nyingine tupu.

Umeona jambo ambalo wengi hawalioni. Kiswahili kinabebesha maneno yetu viambishi: ukoloni, umaskini, usaliti, uongozi, uhuru, vyote vinaangukia U. Mtu na mke vinaangukia M, na huko vinakutana na mirathi na mali, ambavyo m yao si kiambishi.

Kuna dawa ya zamani inayotufaa kuliko ilivyowafaa wenyewe. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alichapisha mwaka 1686 mbinu yake ya daftari la dondoo. Kila herufi aliigawa kwa irabu tano, na neno liliingia chini ya herufi yake ya kwanza na irabu inayofuata. Tutumie hivyo: ukoloni na uongozi vinakwenda U-o, umaskini na usaliti U-a, uhuru U-u, mirathi M-i, mali M-a. Acha kurasa mbili za mwanzo, chora vyumba hivyo, na mbele ya kila chumba andika namba za kurasa tu. Ukifika ukurasa wa 60 na wazo la usaliti, tazama U-a kabla hujaandika. Hapo daftari litakukumbusha ulichosema ukurasa wa 12, na sentensi ya kiungo utaiandika palepale.

Nasoma vitabu vya kilimo kwa ajili ya kazi, na historia kwa mapenzi. Je, nijilazimishe kuviunganisha?

Usijilazimishe. Viweke tu katika daftari moja, usivitenge.

Nitakupa kisa kimoja. Mwaka 1798 Thomas Malthus alichapisha kitabu kuhusu watu kuongezeka haraka kuliko chakula. Kilisomwa na wengi kama jambo la uchumi na siasa. Mwaka 1838 Charles Darwin alikisoma. Tangu mwaka uliotangulia alikuwa anajaza madaftari kuhusu namna viumbe wanavyobadilika, na hakuwa amepata sababu inayosukuma mabadiliko hayo. Malthus akampa "kwa sababu" yake: wanaozaliwa ni wengi kuliko watakaoweza kuishi, hivyo wenye sifa zinazowafaa ndio wanaobaki na kuzaa. Miaka ishirini baadaye, 1858, Alfred Russel Wallace akiwa mgonjwa wa homa katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia, alikikumbuka kitabu kilekile alichokuwa amekisoma zamani, akafika palepale. Julai ya mwaka huo maandishi ya wote wawili yalisomwa London katika kikao kimoja.

Kwa miaka arobaini kitabu kile kilikuwa mikononi mwa watu. Hawa wawili walikuwa na mrundo wa mambo waliyoyaona wenyewe, kuhusu ndege, wadudu na mimea, yakisubiri jibu. Wewe una mazao na udongo. Siku moja kitabu cha historia kitakueleza kwa nini kijiji fulani kiliacha mtama, na utakuwa na la kukijibu.

Vitabu vyangu vingi ni vya Kiingereza. Dondoo niandike kwa lugha gani?

Kwa Kiswahili, kama ndiyo lugha unayoota nayo. Nalisema hili kwa moyo wote. Ukinakili kwa Kiingereza unaweza kudhani umeelewa, lakini ukilitafuta neno la Kiswahili ukakwama, unajua pale pale kwamba hujaelewa.

Tena kuna viungo utakavyovipata kwa Kiswahili tu. Kiingereza kina neno moja kwa haki anayoidai mtu na jingine kwa haki inayotendeka mahakamani. Sisi tunasema haki, tumemaliza. Nilipoandika dondoo za kitabu cha sheria kwa lugha yangu, zilikwenda zenyewe kukaa karibu na *Kusadikika* ya Shaaban Robert, pale Karama anaposhtakiwa kwa kufundisha uanasheria na kujitetea mbele ya baraza. Ilinibidi nijiulize: Karama anadai haki ipi kati ya hizo mbili? Nimeandika kadi nne juu yake, na ya tatu inaipinga ya pili. Ukiwa na jibu lako, niandikie.