Muulize Dereva: Coaster yetu ya kulala na masemi ya Inyala

Anajibu dereva mstaafu wa masemi, Makambako

SWALI: Kamwene kaka dereva. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Njombe mjini. Mimi na mume wangu tulinunua Coaster kuukuu, tukang'oa viti tukabakiza vinne, tukaweka kitanda, kabati, jiko la gesi na tangi la maji la lita 200 kule nyuma. Nia yetu ni kuitembea nchi polepole bila kuhangaika na gesti. Mwezi wa saba tulifanya safari ya kwanza, Njombe hadi Matema ziwani. Kaka, tulirudi tumenyamaza. Kutoka Makambako kushuka Igawa, kila semi tuliyopishana nayo ilitutikisa: kwanza inatusukuma pembeni, kisha inatuvuta kwake. Wakati wa kurudi, tukiteremka kutoka Uyole kwenda Inyala, semi moja ilitukalia mgongoni inawasha taa na kupiga honi, na sisi tulikuwa kwenye 40 kwa heshima zote. Mume wangu akazidi kupunguza ili atulize mambo. Tulipofika tambarare, lori la mbele yetu likawa linawasha indiketa ya kulia, mara ya kushoto, hatukuelewa linasema nini. Madereva wa malori wana chuki gani na sisi? Au tuuze gari?
Mwalimu mstaafu, Njombe

JIBU: Kamwene dada mwalimu, na shemeji msalimie sana. Gari msiuze. Mlichokianza ni kitu kizuri, ila mmeingia kwenye barabara ambayo ina mambo yake na hakuna aliyewaambia.

Nimeendesha semi miaka 27, mingi kati ya hiyo nikienda Zambia na Kongo, na barua yako nimeirudia mara tatu kwa sababu ya hilo neno chuki. Ngoja nikueleze dereva aliyekuwa nyuma yenu huenda alikuwa anaona nini, maana siku moja dereva huyo nilikuwa mimi.

Ilikuwa masika. Natoka Tunduma na shaba, gari na mzigo vinakaribia tani 56, ndio mwisho wa sheria. Nikapita Uyole, nikauanza Mlima Nyoka, mteremko ule ule wenu wa Inyala, na gia ambayo haikuwa ya mlima ule. Kosa hilo ni langu na sijawahi kumsingizia mtu. Nikikanyaga breki gari linapungua, nikiachia linakimbia tena. Sasa breki za semi zinafanya kazi kwa upepo, na kila ukikanyaga unautumia. Ukikanyaga mfululizo, injini haiwahi kuujaza. Mshale wa geji ya upepo ulikuwa kwenye 8. Ukaja 6. Ulipogusa 5 buza ikaanza kulia, na tandiboi wangu akanigeukia akanitazama, hakusema neno. Harufu ilikuwa imeshaingia ndani ya kebini, kama pembe ya ng'ombe iliyotupwa motoni.

Mbele yangu, mita 60 hivi, kulikuwa na Noah inateremka taratibu, imejaa familia. Kwenye kioo cha nyuma kuna mtoto anatupungia mkono.

Nikawasha taa kubwa. Nikapiga honi. Nikawasha tena. Yule baba akafanya alichofanya shemeji: akadhani namfokea, akapunguza zaidi. Upande wa kushoto kulikuwa na lundo la kifusi cha watengeneza barabara. Nikalipandisha gari pale, likalala ubavu. Tandiboi alivunjika mkono, mimi nikatoka na michubuko. Noah ikaendelea na safari yake, na nadhani hadi leo wale watu hawajui kilichokuwa nyuma yao.

Kwa hiyo dada, semi iliyokukalia mgongoni kwenye mteremko ule, nawe uko 40, ni moja kati ya mawili. Ama dereva ana haraka zake zisizo na akili, maana semi yenye mzigo inatakiwa iteremke pale kwa gia nzito, taratibu kuliko ninyi. Ama breki zinamwishia. Dramu, yaani ngoma za breki kwenye magurudumu, zikichemka zinatanuka na kuikimbia lainingi inayozisugua, na lainingi ikiungua inateleza kama sabuni. Hapo anaweza kukanyaga kwa miguu yote miwili na gari lisisikie. Kutoka kwenye kiti chenu hamwezi kujua ni lipi, na wala hamhitaji kujua. Jibu ni lile lile: mtokeeni njiani.

Namna ya kutoka ni hii. Msipunguze kwa ghafla na msisimame kwenye lami. Washeni indiketa ya kushoto mapema, mtafute mahali palipo wazi na pagumu: kituo cha daladala, mdomo wa barabara ya vumbi, sehemu pana yanapopumzika malori. Kama pembeni pamebana, ongezeni mwendo kidogo mnaoumudu hadi mpate nafasi, kisha mteleze nje na gari lote, msiache mkia barabarani. Coaster ina mkia mrefu nyuma ya matairi ya nyuma, na huo ndio husahaulika. Akishapita, mvute pumzi na mrudi barabarani akiwa mbali. Dakika 3 mmepoteza, basi.

Na kabla ya kuuanza mteremko wowote, Inyala, Iwambi kuelekea Mbalizi, au Kitonga mkiwa mnashuka kwenda Ruaha Mbuyuni, shemeji aingize gia ndogo akiwa bado juu. Gia ambayo Coaster ingepandia mlima ule ndiyo ya kuuteremkia. Breki za miguu zibaki kwa ajili ya kugusa na kuachia. Kitonga hasa, asijaribu kabisa kumpita mtu kwenye zile kona, hata lori likitambaa kama kinyonga. Mahindi ya kuchoma yatawasubiri mbele.

Sasa kutikiswa. Semi inakuja na ukuta wa upepo mbele yake, ukuta huo ndio unaokusukuma. Ubavu wake ukishapita, nyuma yake hubaki nafasi tupu ambayo upepo unakimbilia kuijaza, hapo ndipo unapovutwa. Pale kwetu Makambako kuna na upepo wa kudumu unaopiga ubavuni, kila mtu anaujua. Gari refu kwenda juu kama lenu linayapokea yote mawili kama tanga la mashua. Ila nina shaka na kitu kingine, nacho ni tangi lenu. Lita 200 za maji ni kilo 200, na umeniambia mmeliweka nyuma. Kama liko nyuma ya ekseli ya nyuma, pamoja na mtungi wa gesi na kabati, mmeufanya mkia uwe mzito na pua iwe nyepesi. Matairi ya mbele yakikosa uzito, usukani unakuwa laini na gari linafuata kila upepo unaopita. Nendeni kwa fundi wa kuchomelea hapo Njombe, alihamishie tangi kati ya ekseli mbili, chini kadiri inavyowezekana, alikaze kwa mikanda ya chuma, na alitenge ndani kwa bati lenye matundu ili maji yasiruke yote upande mmoja kwenye kona. Mkisafiri, ama lijae ama libaki na kidogo. Nusu tangi ndiyo inayocheza kuliko yote. Nisingeshangaa nusu ya hofu yenu ikaisha kwa kazi hiyo moja.

Kuna na mifereji ya lami. Malori yanapopanda polepole na uzito ule, lami inabonyea panapopita matairi. Upana kati ya matairi ya semi ni mkubwa kuliko wa Coaster, kwa hiyo mkiingia kwenye mifereji yao, tairi moja linakaa chini na jingine linapanda ukingo, gari linaanza kuhangaika. Shemeji asishindane nalo. Ashike usukani kwa mikono miwili bila kuukaba, apunguze, aweke matairi juu ya matuta ya mfereji. Mkiona semi inakuja, sogeeni kushoto kidogo mapema, lakini msiguse ukingo wa lami. Ikiwafikia, shikilieni mstari wenu. Msikate usukani kuurudisha kabla haijavuta, maana mtakuwa mnakwenda nayo upande ule ule.

Indiketa. Hiyo ni lugha yetu ya zamani. Lori lililo mbele yako likiwasha ya kulia linakuambia baki, kuna kitu kinakuja. Likiwasha ya kushoto linakuambia njia nyeupe, pita. Usiku, lori linalokuja likiwasha ya kulia linakuonyesha ubavu wake unaishia wapi. Dereva aliyefanya hivyo kwenu alikuwa mtu mwema. Lakini sitaki mpite kwa sababu yake. Lugha hii haimo kwenye sheria, na ya kushoto hiyo hiyo anaiwasha akitaka kusimama kununua vitunguu. Anaona gari linalokuja, hajui Coaster yenu inavuta kiasi gani.

Hesabu hii mwalimu utaipenda. Semi inakwenda 60, nanyi mnaipita mkiwa 80. Urefu wake karibu mita 20, wenu 7, na mnahitaji mita 25 za kutoka nyuma yake na 25 za kurudi mbele yake. Jumla 77, na mnaizidi mita 5 na nusu tu kwa sekunde. Ni sekunde 14 upande usio wenu, na katika sekunde hizo mmetembea mita 300 na zaidi. Anayekuja naye ana 80, naye ametembea zile zile. Mnahitaji zaidi ya mita 600 za barabara iliyo wazi, viwanja 6 vya mpira vimeunganishwa. Kuna sehemu kama hizo kati ya Igawa na Chimala, kule bondeni. Kwingine kote, kaeni nyuma. Na kukaa nyuma ni mbali kweli: tairi za mwisho za tela zikipita kwenye kibao, mtu ahesabu sekunde kwa mdomo, mia na moja, mia na mbili, mia na tatu, mia na nne, ndipo ninyi mkifikie kibao hicho. Mvua au ukungu wa asubuhi wa Mafinga, ongezeni hadi mia na saba. Mkikaa hapo mtaona vioo vyake vyote viwili. Usipomwona dereva kwenye kioo chake, na yeye hakuoni, kwake hampo.

Nitafurahi ukiniandikia baada ya tangi kuhamishwa.

SWALI: Shikamoo mzee. Nina Canter nimeijengea chumba nyuma, nalala humo nikizunguka minadani. Trafiki mmoja aliniambia niingie mizani, mwingine akanipungia nipite. Nifuate yupi?
Kijana wa minadani, Mafinga

JIBU: Marahaba. Fuata uzito. Gari likizidi tani 3.5 pamoja na kilichomo linaingia mizani, iwe limebeba mbao au kitanda chako, na Canter yenye chumba hufika huko mapema. Mizani ya Wenda, ya Makambako, ya Uyole, washa indiketa uingie. Humo ndani usichomekee masemi ili uwahi. Semi ikipinda kulia huanza kwa kujitanua kushoto, na tela hukata kona ndani kuliko kichwa; mahali unapoona pana nafasi ya kupenyeza Canter ndipo tela linapokuja.

SWALI: Habari za kazi. Sisi ni familia ya Iringa, tuna gari la kulala. Usiku ukitukuta njiani, tulale tunapolala malori?
Mama wa Ipogolo

JIBU: Salama mama. Kwanza, saa 12 jioni muwe mmeshasimama. Usiku kuna lori bovu lisilo na taa, na onyo lake pekee ni matawi ya miti yaliyotupwa kwenye lami. Ukiona majani barabarani, hata machache, punguza pale pale, usisubiri kuliona lori.

Mkiweza, laleni penye uzio na mlinzi. Kabla ya Mafinga kuna kambi ya Kisolanza ambayo wasafiri wa magari ya namna yenu wameizoea. Mkikosa, kituo cha malori si pabaya, watu wake ni wastaarabu na kuna chai usiku kucha. Ila msiegeshe nyuma ya tela, hata kama nafasi ni nzuri. Saa 10 alfajiri dereva anaamka na usingizi machoni, injini inanguruma upepo ujae, na akirudi nyuma haoni chochote kilicho mgongoni mwa kontena. Egesheni pembeni karibu na ukuta, pua ikitazama barabara. Kabla ya kulala, nendeni kwa dereva wa kila gari lililo jirani mmwambie kwa mdomo: mle ndani kuna watoto wamelala.