Maswali yenu kuhusu Charity Ngilu

Binti yangu ameambiwa shuleni kwamba Ngilu ndiye mwanamke wa kwanza kuwania urais Kenya. Ni kweli? (Mama, Buruburu)

Ni kweli, ila hakuwa peke yake. Katika uchaguzi wa Desemba 1997, Wangari Maathai naye alikuwa debeni. Ngilu, kwa tiketi ya chama cha SDP na kaulimbiu ya "Masaa ya Ngilu", alimaliza wa tano kati ya wagombea 15, akiwa na karibu asilimia 8 ya kura. Mwambie binti awataje wote wawili.

Aliingiaje siasa? (Msomaji, Umoja)

Alikuwa mfanyabiashara. Mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, wanawake wa Kitui walimfuata nyumbani wakamkuta jikoni akiosha vyombo, wakamwomba awanie ubunge. Alikubali, akachukua kiti cha Kitui ya Kati kwa tiketi ya chama cha DP.

Mimi ni mhudumu wa afya. Wazee kazini husema Ngilu alitaka matibabu ya bure. Iliishia wapi? (Kangemi)

Asante sana kwa swali hili, dada yangu, maana hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Rais Mwai Kibaki alimteua Ngilu kuwa Waziri wa Afya mwaka 2003. Mwaka uliofuata ada za vituo vya serikali zilishushwa: shilingi 10 kwenye zahanati, 20 kwenye kituo cha afya. Mama aliyebeba mtoto mwenye homa angeweza kuingia na sarafu moja mkononi.

Kisha akapeleka bungeni mswada wa bima ya afya ya jamii, ili kila Mkenya atibiwe, awe na mshahara au hana. Wabunge waliupitisha Desemba 2004. Waliopinga walisema nchi haina fedha za kuugharamia, na Rais akakataa kuutia sahihi. Wasiwasi wa fedha haukuwa wa bure, lakini mswada ungeweza kurekebishwa badala ya kuachwa ufe. SHA, mamlaka ya sasa ya bima ya afya, imeanza Oktoba 2024, miaka ishirini baadaye, na bado mtu wa kibarua anafika dirishani anaambiwa hajalipia mwaka. Wangapi walizikwa katikati hapo? Jambo hili linaniuma.

Mbona wauza makaa wa Nairobi walimkasirikia? (Kariobangi)

Akiwa Gavana wa Kitui, mwaka 2018 alipiga marufuku makaa kutoka kaunti yake, na lori moja likachomwa huko. Kulinda miti ya Kitui ilikuwa haki. Lakini riziki ya dereva na mchuuzi ilihitaji muda na mazungumzo kwanza, na uhasama uliozuka kati ya jamii jirani haukumsaidia yeyote.

Nairobi tutapata lini gavana mwanamke? (Kijana, Pipeline)

Mwaka 2017 Ngilu, Joyce Laboso na Anne Waiguru walikuwa wanawake wa kwanza kuchaguliwa magavana. Mwaka 2022 walichaguliwa saba, ingawa Ngilu hakutetea kiti chake. Nairobi tulikuwa na Ann Kananu, lakini aliingia baada ya Mike Sonko kung'olewa. Kwa kura hatujamchagua mwanamke hata mmoja. Uchaguzi ni Agosti 2027, na wanaotaka kiti hicho ningependa kuwasikia sasa, wakiwa mitaani kwetu, si wiki mbili kabla ya mchujo wa vyama.